Hotuba Juu ya Kutambua Mmea Mgeni Shambani



Neno nililo nalo leo ni hili: mmea mgeni ukionekana shambani, tusiupe jina kwa kutazama ua tu, bali tuzikusanye dalili zake zote. Mfano wake ni kiduha. Mtu huona mahindi yake yamedumaa na kunyauka kana kwamba ni kiangazi, hali mvua imenyesha. Hunena kuwa ardhi imechoka, ama amehusudiwa. Na yale maua mazuri yaliyo chini ya mabua hayadhanii kitu.

Basi na atazame kwanza mahali: je, mmea huo wasimama karibu na mahindi, mtama, uwele au mpunga? Pili majani: ni membamba, tena hukwaruza mkono. Tatu ua: kiduha kimoja kina ua jekundu, na kimo chake ni kama shibiri, kingine, kijulikanacho sana pande za Ziwa Victoria, ni kirefu zaidi, na ua lake ni la zambarau. Nne, na hili ndilo kubwa, mizizi. Usiung'oe mmea kwa nguvu. Chimba taratibu, uoshe udongo kwa maji, nawe utaona mizizi yake imeshikamana na mizizi ya muhindi, ikinyonya maji na chakula.

Huko Carolina, Marekani, mahindi yaliharibika bila wakulima kujua sababu. Mwaka 1956 gugu hili lilitambuliwa na mwanafunzi aliyetoka Bara Hindi, ambako ni gugu la siku nyingi.

Mkiwa na shaka, twaeni mmea mzima pamoja na mizizi, mkaukaushe katikati ya karatasi chini ya kitu kizito, kisha mpelekeeni Bwana Shamba. Andikeni mahali, tarehe, kimo, mazao yaliyo jirani, na rangi ya ua. Rangi iandikwe siku ile ile, kwa maana kiduha kikikauka hugeuka cheusi.

Tena msikawie. Mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, nazo huweza kukaa ardhini miaka 10 na zaidi. Kikitambulikana, king'olewe na kuchomwa moto kabla ya kuzaa mbegu, na shamba lipandwe kunde au karanga kwa zamu.

Walimu, waonyesheni watoto dalili hizi nne, kwani wao ndio wapaliliao pamoja nasi.