Jozi ya Pili

Leo tuongee juu ya kichwa. Kwenye ubongo zinatoka jozi 12 za mishipa ya fahamu. Jozi ya kwanza ni ya kunusa. Ya pili inapeleka habari za macho kwenye ubongo. Ya saba inakufanya utabasamu, ya nane usikie, ya kumi inashuka mpaka moyoni na tumboni.

Sasa jamani, hiyo ya pili ikifa haioti tena. Na methanoli, kemikali ya viwandani, inaiua. Novemba 2000, jijini Nairobi, pombe haramu yenye methanoli iliua watu zaidi ya 100. Wengine walipofuka. Ini huigeuza kuwa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoshambulia mshipa wa jicho. Ukiionja huwezi kuitofautisha na pombe nyingine.

Dalili huweza kuchelewa hata siku nzima: kichwa kuuma, kutapika, kuona ukungu. Mwenzako akikuuliza, "Mbona giza?" usimwambie alale. Mpeleke hospitali hapo hapo, na useme alichokunywa. Matibabu yapo, ila yanataka haraka. Msiogope mwalimu, ogopeni kuchelewa.