Kila Mtu Anajua, Hakuna Anayesema: Mvuto wa Riwaya za Upelelezi za Miji Midogo



 Katika mhadhara huu nimechagua kuzungumzia riwaya ambazo wasomaji huzisoma kwa wingi na wahakiki huzipita haraka: riwaya za upelelezi zinazotokea katika mji mdogo au kijiji, ambamo upepo, ukungu, jua na harufu ya bandari vina uzito sawa na maiti yenyewe. Swali langu ni moja. Msomaji wa Dar es Salaam au Paris ana jiji zima la uhalifu mlangoni kwake. Kwa nini afuate mauaji mpaka kijijini?

Jibu lililozoeleka ni kwamba utulivu wa kijiji huongeza mshtuko. Mshairi W. H. Auden, aliyekiri mwenyewe kuwa mraibu wa hadithi za upelelezi, alilitetea jibu hilo katika insha yake ya mwaka 1948. Kwa maoni yake, mahali pa hadithi panafaa pawe pema na pasafi ili maiti ichukize zaidi. Mwuaji akishafichuliwa na kuondolewa, usafi hurudi. Naiheshimu hoja hiyo, lakini haivielezi vitabu vinavyotukalia moyoni. Katika vitabu hivyo mji haukuwa safi tangu awali. Watu wake walikuwa wanajua mambo na wakayafunika. Funika kombe mwanaharamu apite: ndivyo miji midogo inavyoishi, na mara nyingi ndivyo inavyopata amani. Hoja yangu leo ni kwamba msomaji huja kushuhudia kombe likifunuliwa. Siri ya mji mdogo inajulikana tayari, ila imegawanywa vipande, kila nyumba ikakaa na kipande chake.

Saa ya kasisi

Tuanze na Agatha Christie na riwaya yake ya 1930, The Murder at the Vicarage. Kijiji ni St Mary Mead, Uingereza. Kanali Protheroe anakutwa amepigwa risasi kwenye meza ya kuandikia ya kasisi, na mezani pana saa iliyopinduka na kusimama. Inspekta Slack anaitazama, anafurahi: saa ya kifo imepatikana. Lakini kasisi huiweka saa ile mbele kwa robo saa makusudi, ili asichelewe shughuli zake, na kila aishiye katika nyumba ile analijua hilo. Kasisi anajaribu kumweleza. Inspekta, mtu wa haraka asiyependa kusikiliza, anamkatiza. Robo saa ile inatosha kupotosha upelelezi.

Hapo pana somo zima la aina hii ya uandishi. Polisi ana mamlaka, kipimo na cheo, lakini hajui mazoea ya nyumba. Anayeyajua ni Miss Marple, bibi mzee ambaye hakuolewa, ambaye bustani yake inapakana na nyumba ya kasisi. Akiwa ameinamia maua yake, anaona nani kapita, kaelekea wapi na kashika nini. Njia yake ya kupeleleza ni kumlinganisha mshukiwa na mtu fulani aliyewahi kumfahamu kijijini, labda mtumishi aliyeiba au mume aliyedanganya, kwa sababu anaamini kwamba tabia za binadamu hazina nyingi mpya. Christie alimwandikia riwaya 12, na katika zote anayadai yale yale: umbea, ambao watu wazima hujifanya wanaudharau, ni elimu. Ukichujwa kwa akili timamu, huwa ushahidi. Kwa msomaji aliyelelewa mahali ambapo bibi aliyekaa kibarazani alijua habari za mtaa mzima, dai hilo halihitaji utetezi.

Hali ya hewa nayo inatenda

Jambo la pili ni kile wasomaji wanachokisifu zaidi na kukieleza kidogo: ile hali ya mahali. Wengi huichukulia kama pambo. Katika mikono ya mwandishi hodari, inafanya kazi.

Tazama Georges Simenon katika Le Chien jaune, ya mwaka 1931. Mahali ni Concarneau, mji wa bandari kwenye pwani ya magharibi ya Ufaransa, usiku wa Novemba, upepo ukivuma kutoka baharini. Mfanyabiashara wa mvinyo anatoka mkahawani amelewa. Anataka kuwasha sigara yake kubwa. Upepo unazima kiberiti. Anajibanza kwenye mlango wa nyumba isiyokaliwa na mtu ili apate kinga, na risasi inatokea ndani, kupitia tundu la barua. Bila upepo asingesimama, na bila kusimama risasi isingempata. Simenon hakutuandikia aya ya kusifu dhoruba. Ameifanya dhoruba ishiriki tendo, na kuanzia hapo msomaji hausikii tena upepo wa Concarneau kama sauti ya nyuma.

Miaka 85 baadaye Jane Harper, mwandishi wa habari aliyekuwa akifanya kazi Melbourne, alichapisha The Dry. Mji wake wa kubuni, Kiewarra, uko mashambani Australia, na ukame umeushika koo. Mkulima Luke Hadler, mkewe na mwanawe wa kiume wamekutwa wamekufa kwa risasi. Mji unaamua upesi: madeni na jua vimemtia mtu wazimu, kaua familia yake kisha kajiua. Aaron Falk, polisi aliyekulia pale, anarudi kwa ajili ya mazishi ya rafiki yake huyo. Anapokwenda mtoni, kule ambako miaka 20 nyuma msichana waliyekuwa wakicheza naye alikufa maji, anakuta mto umekauka. Mahali palipobeba kifo kile kwa miaka yote hiyo pamebaki kuwa mfereji wa vumbi.

Harper amefanya jambo gumu. Ukame wake unatisha, lakini pia unawapa watu maelezo rahisi mno. Kila mtu ana deni na kila mtu amechoka, kwa hiyo hakuna anayeuliza zaidi. Jua limekuwa jibu kabla ya swali. Kazi ya mpelelezi ni kukataa jibu ambalo mji mzima umekubaliana nalo, na kulikataa mbele ya watu wanaomjua tangu utotoni na wasiosahau kwa nini aliondoka.

Anayebebeshwa lawama

Hapa ndipo riwaya hizi zinapokuwa na uzito wa kimaadili. Mji mdogo ukitishika, huanza kwa kumtafuta asiye wake. Huko Concarneau kunaonekana mbwa wa rangi ya njano asiye na mwenyewe, na nyayo kubwa za mtu asiyefahamika. Hofu inaenea, milango inafungwa, na mbwa anarushiwa mawe kabla hajathibitishiwa kosa lolote. Wakati huo wakubwa wa mji wanaendelea kukutana katika mkahawa wa hoteli kwa vinywaji na karata, na hakuna anayewashuku. Maigret, mpelelezi wa Simenon, hana papara ya kumsaka mwenye nyayo. Anakaa mkahawani, anawatazama wacheza karata, na zaidi ya wote anamtazama Emma, mhudumu anayewaletea vinywaji, mwanamke ambaye wote wanamwita na hakuna anayemuuliza kitu. Simenon anatufundisha kuangalia upande ule ule: anayejua zaidi mjini ni yule ambaye watu huzungumza mbele yake kana kwamba hayupo.

Msomaji naye anapimwa. Kufikia ukurasa wa 50 ameshamshuku mtu, na mara nyingi amemshuku kwa sababu ya ugeni wake, umaskini wake au ukimya wake. Kitabu kizuri humwonyesha kwamba na yeye amerusha jiwe.

Unguja ya Bwana Msa

Haya si ya Ulaya na Australia peke yake. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918, alishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa 1960. Maiti inakutwa kwenye mzimu, mahali panapoogopwa, na mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, wanaanza kuuliza maswali. Ni kweli kwamba wawili hao wana damu ya Sherlock Holmes na Watson. Lakini mahali ni pake. Kabla ya kuwa mhariri wa magazeti, Abdulla alikuwa mkaguzi wa afya, kazi inayomwingiza mtu nyuani mwa watu na kumwonyesha kile ambacho hakionekani barazani. Katika kisiwa ambacho ukoo, ndoa na urithi vinamfunga kila mtu na mwenzake, fumbo lake linatokana na nasaba, nani mwana wa nani, kuliko alama za vidole. Hilo ndilo jambo ambalo katika mji mdogo wote wanalijua na hakuna anayethubutu kulitamka.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa wahadhiri wenzangu: riwaya hizi tuzifundishe kama fasihi inayochunguza jinsi jamii inavyotunza ukimya, tusiziache kwenye rafu ya burudani. Kwa vijana mnaoandika: msikimbilie jiji na bastola. Chukueni mji mnaoujua, wenye soko moja na stendi moja, mjue masika yake yanakata barabara ipi, nani hufungua duka kabla ya alfajiri, na jina la nani halitajwi mazishini. Kisha mwandikeni mtu mmoja mwenye ujasiri wa kulitaja. Wasomaji wa Kiswahili wapo, na wamekuwa wakiisubiri riwaya hiyo kwa muda mrefu.