Jembe pamoja na Injili: tuulize nini mbele ya kupokea wageni?

(Maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa wanachama)



Mulituomba sisi tunaotembea vijijini tuseme juu ya jambo moja. Kuna wakristo wa inchi za inje wanaotaka kuja kwetu, hapana kama wahubiri wa mimbari, lakini kama watu wa biashara ndogo ya kilimo: kununua mihogo na mafuta ya mawese, kuweka mashini ya kusaga, na kumushuhudia Mungu kupitia ile kazi. Wengine kati yenu wanafurahi. Wengine wanauliza: hii ni misioni ao ni biashara?

Jambo hili si jipya. Paulo alishona hema kule Korinto pamoja na Akila na Prisila. Na tusisahau: hao wawili walifika pale juu Kaisari alifukuza Wayahudi ku Roma. Walikuwa wakimbizi kama sisi. Walianza na kazi ya mikono, na nyumba yao ikakuwa mahali pa kanisa.

Tuwaambie pia habari ya Akropong, katika inchi inayoitwa leo Ghana. Misioni ya Basel, toka Uswisi, ilituma watu kule, na homa ikawamaliza karibu wote. Andreas Riis akabakia. Inasimuliwa kwamba mfalme wa Akropong alimuuliza kama kuna watu weusi wanaosoma kitabu cha wazungu, juu akiwaona hao, watu wake watasikiliza. Basi mwaka 1843 Riis akarudi na wakristo 24 toka Jamaica na Antigua, watu ambao babu zao walipelekwa ng'ambo kama watumwa.

Ndugu, hao walikuwa warudiaji! Walirudi ku udongo wa mababu, lakini hawakujua lugha, na hawakuwa na shamba. Walileta mbegu: maembe, maavoka, na aina ya mateke ambayo watu wa kule wanakula mpaka leo. Walilima, wakajenga, wakafundisha. Kisha, mwaka 1859, misioni ikaanzisha kampuni ya biashara, iliyonunua mafuta ya mawese na mazao mengine.

Lakini angalieni nani alieneza kakao. Ni Tetteh Quarshie, fundi wa chuma aliyejifunza kazi kwa hiyo misioni. Mwaka 1879 alirudi toka kisiwa cha Fernando Po na mbegu, akazipanda kwake Mampong. Wakulima wadogo wakachukua miche, kila mutu ku shamba lake, na kufikia 1911 inchi yao ilikuwa ya kwanza duniani kwa kakao. Mugeni alifundisha ufundi. Mwenye inchi akapanda. Hapo ndipo mambo yalisimama.

Sasa turudi kwetu. Sisi wenyewe tulikosea. Tuligawa mbegu na majembe ya mukopo, na ile siku tulianza na maombi na nyimbo. Wakati wa kurudisha ulipofika, mama mmoja alituambia kwa upole: « Lakini mwanangu, mulisema hii ni baraka. Baraka inarudishwaka? » Hatukukuwa na jibu. Tulichanganya zawadi na deni, na kisha tukalaumu watu.

Tuliona pia mashini ya kusaga mihogo iliyoletwa na mugeni mwenye roho nzuri. Iliwekwa ku kiwanja cha kanisa lake. Wasio wa kanisa hilo wakaona wanasaga wa mwisho, na ndugu zetu waislamu wakaacha kuja. Mukanda ulipokatika, hakuna aliyeweka makuta ya kununua mwingine. Mugeni alikuwa amekwisha kurudi kwao. Mashini iko pale, kuku wanalala juu yake.

Kwa hiyo hatusemi wageni wasikuje. Tunasema waje, na siku ya kwanza tuwaulize maswali haya matano:

Moja: udongo ni wa nani? Wengi wetu tulivuka ziwa toka Kigoma kuanzia 2005 na kukuta shamba letu liko na mwenyewe mwingine. Tusitoe kipande bila maandishi, mbele ya chifu na majirani.

Mbili: bei inapangwa na nani, na mizani iko wapi? Mama apime muhogo wake kwa macho yake.

Tatu: hii ni zawadi ao ni deni? Isemwe wazi, na deni liandikwe.

Ine: asiyesali pamoja nao atahudumiwa sawa? Anayehubiri kwa bei ya haki amehubiri vizuri. Anayelazimisha maombi ili mutu asage unga, huyo ananunua watu.

Tano: mugeni akirudi, nani anabaki na ufunguo, kitabu cha hesabu na pesa ya vipuri?

Kwenu wafadhili: musitutumie mashini bila kufundisha fundi wa hapa. Na musituombe hesabu ya watu waliookoka ku mashini. Tuombeni hesabu ya kitabu, tutawaonyesha.

Msimu A unaanza mwezi wa tisa. Mbele ya hapo, kila kikundi kikae, kijibu maswali haya, na kitume watu wawili ku mkutano, mwanaume na mwanamuke. Wageni wanangojea neno letu. Likikuwa ndiyo ao hapana, litoke kwetu sisi wenyewe, tusingojee waamue kwa nafasi yetu.