Kitabu cha Nyota si Kitabu cha Dini
(Mhadhara uliotolewa kwa Waislamu wa Songea, Ruvuma)

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, Uislamu ulitufikia huku Songea kutoka pwani, kwa wafanyabiashara na walimu wa njia za Kilwa na Lindi. Pwani hiyo hiyo ndiko vilikoenea vitabu vya nyota vinavyobeba jina la Abu Ma'shar, mnajimu mzaliwa wa Balkh aliyefariki mwaka 886.

Wengi wetu tukiona kitabu kina herufi za Kiarabu na kimeanza kwa Bismillahi, hudhani ni dini. Sivyo. Abu Ma'shar mwenyewe hakuficha: katika kitabu chake kikubwa cha utangulizi wa unajimu alieleza sanamu za buruji kwa mujibu wa Waajemi, Wahindi na Wayunani. Wahindu huzitukuza sayari tisa kama miungu, Zohali ikiwamo. Nasi twamsikia mganga akimwambia mgonjwa kuwa Zohali imemkalia, kisha akamwandikia hirizi yenye jina la Allah!

Mchanganyiko huu si wetu peke yetu. Kisiwani Jawa, mwaka 1633, Sultan Agung aliunganisha hesabu ya miaka ya Saka ya Kihindu na miezi ya Hijria. Na vitabu vya huko viitwavyo primbon huweka dua pamoja na hesabu za siku njema na za nuksi.

Hatusemi jambo ni ovu kwa kuwa limetoka India. Tarakimu tunazohesabia zaka asili yake ni huko huko. Falaki ya kutafuta kibla na nyakati za sala nayo ni elimu yenye manufaa. Kinachopimwa ni madai. Anayehesabu jua litazama saa ngapi hufuata utaratibu aliouweka Muumba. Anayejumlisha herufi za jina lako na la mama yako, akaondoa kumi na mbili kumi na mbili, kisha akakutajia ajali yako, huyo anadai ghaibu. Na Surat An-Naml, aya ya 65, imekwisha kuufunga mlango huo.

Madhara yake tunayo majumbani. Posa ya kijana mwema hurudishwa kwa kuwa nyota hazikupatana. Mtoto mwenye degedege hucheleweshwa hospitali. Bao humtaja shangazi kuwa mchawi, na ukoo mzima ukafarakana, pengine hata damu ikamwagika.

Basi, ndugu zetu, anayeozesha aangalie dini na tabia. Mgonjwa apelekwe kwa daktari huku tukimwombea dua. Na walimu wa madrasa wawazoeze watoto kukipima kitabu kwa yaliyomo, wala si kwa herufi zake.

Wabillahi tawfiq.