Pro Deo: Utumishi wa Maavoka Vijana kati ya Watu Wetu

(Maneno yaliyosemwa na mwalimu wa dini mbele ya mkutano wa Yubile ya parokia, Lubumbashi)



Halmashauri ya Yubile ilitupa sisi walimu wa dini kazi ya kusema maneno machache juu ya watoto wa parokia waliosoma sheria, na juu ya utumishi ambao watu wao wanaungojea kwao. Pengine mtu atauliza: mwalimu wa katekismu ana shauri gani na tribunali? Jibu ni jepesi. Karatasi zitokazo tribunali zimeandikwa kwa Kifaransa. Mama anayeipokea karatasi ya namna hiyo anaifunga katika kitambaa, anapita mbele ya ofisi ya komini, anapita mbele ya polisi, anafika kwetu na kusema: «Mwalimu, nisomee.» Nasi tunamsomea, tunamweleza neno kwa neno. Lakini kusoma si kutetea. Siku ya kusimama mbele ya mwamuzi, mama yule anahitaji mtu mwingine kando yake. Mtu huyo ndiye tunayetaka kumsema leo.

Jina lake lenyewe linatufundisha. Tuliojifunza Kilatini kidogo katika seminari ndogo tunajua kwamba avoka ni advocatus, yaani mtu aliyeitwa aje kusimama upande wa mwingine. Basi, kabla ya kuwa na ofisi, kibao mlangoni na vitabu vyenye majalada mekundu, avoka ni mtu aliyeitwa. Na anayemwita ni mwenye shida.

Tukumbuke kwanza tumetoka wapi. Mji wetu ulianzishwa mwaka wa 1910 kwa jina la Élisabethville, na kwa miaka 50 sheria iliyoandikwa ilikuwa kitu cha wageni. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Kongo ilikuwa na mapadri wenyeji kwa mamia, lakini wenyeji waliomaliza masomo ya sheria katika chuo kikuu walikuwa karibu hakuna. Marcel Lihau, mmoja wa wale wa kwanza, alifanywa mkubwa wa kwanza wa Cour suprême de justice mwaka wa 1968. Mwaka wa 1975 aliondolewa katika kiti hicho, kwa sababu hakukubali kuwapiga wanafunzi walioandamana kwa adhabu kali iliyotakiwa. Ndivyo walivyoanza wazee wa kazi hii katika nchi yetu: wachache, na tena kwa gharama.

Leo mambo yamegeuka. Lubumbashi ina Chuo Kikuu chenye fakulte ya sheria, ina Cour d'appel, ina Baro, na ndani ya Baro vijana wana umoja wao uitwao Jeune Barreau. Hatukosi tena maavoka. Tunachokosa ni njia kati ya ofisi zao katikati ya mji na mlango wa mama yule wa Katuba, wa Kenya, wa Rwashi au wa Annexe.

Njia hiyo sheria yenyewe imekwisha kuamuru ifunguliwe. Amri-sheria namba 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979, iliyopanga kazi ya maavoka, inawataka vijana wafanye kwanza miaka 2 ya majaribio chini ya avoka mkubwa. Sheria hiyo hiyo inaipa halmashauri ya Baro wajibu wa kuweka ofisi ya mashauri na utetezi kwa wale ambao mapato yao hayatoshi. Utetezi wa namna hiyo watu wa tribunali wanauita pro Deo. Maneno hayo mawili maana yake ni «kwa ajili ya Mungu». Wengi wanayatamka kila juma bila kuyasikia. Wakati mwingine wanayatamka kama kwamba ni dosie ya kutupwa juu ya meza ya kijana mdogo kuliko wote, aimalize upesi. Lakini anayeahidi kufanya jambo kwa ajili ya Mungu, je, anaweza kulifanya vibaya kuliko lile analolifanya kwa feza?

Wapendwa, tuseme wazi mahali watu wetu wanapohitaji msaada. Tunapataja mahali panne.

Pa kwanza ni kasho. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 18, inasema mtu akikamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, katika lugha anayoisikia, na kwamba asikae mikononi mwa polisi kupita saa 48 bila kuachiliwa au kupelekwa mbele ya mkubwa wa sheria mwenye uwezo. Kifungu cha 19 kinampa haki ya kuwa na mtetezi hata wakati wa maulizo ya polisi. Maneno haya ni mazuri. Lakini ni nani katika avenyu zetu anayeyajua? Mtoto akikamatwa Ijumaa jioni, jamaa inatafuta feza, haitafuti avoka. Saa 48 zinapita, juma linapita, na mwisho njia inaelekea Kasapa. Gereza lile lilijengwa kabla ya uhuru kwa watu wapata 800. Fujo zilipotokea humo Septemba 2020, lilikuwa na watu wapata 2,000, na wanawake waliofungwa humo walitendewa jeuri ambayo hatuwezi kuitaja mbele ya watoto. Tena, katika magereza ya nchi yetu, wengi ni watu ambao bado wanangoja hukumu. Kijana mmoja mwenye toga, akifika kasho siku ya kwanza, anaweza kufanya kazi ambayo maavoka watano hawataiweza baada ya mwaka.

Pa pili ni nyumba ya mjane. Tunawazika wababa, na kabla matanga hayajakwisha jamaa ya marehemu wanahesabu viti. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyotengenezwa upya mwaka wa 2016, inawapa watoto robo tatu za urithi. Robo moja inabaki kwa kundi la pili, ambalo ndani yake mna mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Tena mjane ana haki ya kukaa katika nyumba aliyoishi na mume wake. Lakini haki hiyo inasimama juu ya karatasi. Hapa sisi walimu wa dini tuna neno la kuwaambia wakristu wote: cheti cha ndoa ya Kanisa peke yake hakitoshi mbele ya tribunali. Ndoa iandikwe pia komini. Avoka kijana akija kuyasema maneno haya katika mafundisho ya wachumba, atakuwa amewatetea wajane wa kesho kabla hawajalia.

Pa tatu ni kiwanja. Watu wengi wananunua kiwanja mbele ya mashahidi wawili, wanapewa karatasi ya komini, wanajenga, wanazaa, wanazeeka humo. Kisha mtu mwingine anakuja na certificat d'enregistrement. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi ni ya Serikali, na kwamba haki ya mtu juu yake inathibitishwa kwa cheti hicho. Na miaka 2 ikiisha kupita, ni vigumu sana kukishambulia. Aliyejenga kwa jasho la miaka 30 anaweza kushindwa na karatasi ya miaka 3. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Saa moja ya shauri kabla ya kununua ingaliokoa nyumba nzima.

Pa nne ni kitabu cha watoto. Mtoto akizaliwa, wazazi wana siku 90 za kumwandikisha katika ofisi ya état civil. Zikipita, lazima tribunali itoe hukumu, na wengi hawana feza wala moyo wa kwenda huko. Mtoto anabaki bila cheti. Siku ya mitihani, siku ya urithi, siku ya kuoa, anatafutwa katika vitabu na haonekani. Sisi tunaandika majina ya watoto wanaobatizwa kila mwaka. Ingekuwa vyepesi tuwaulize wazazi siku ile ile: komini mmekwisha kufika?

Sasa lazima tuseme pia upande wa vijana, maana si haki kuwatwika mzigo bila kuupima. Avoka wa majaribio mara nyingi hana mshahara. Anapanda taksi-basi kutoka kwao mpaka tribunali, ananunua toga kwa deni, na jamaa inamwita «maître» huku ikimngojea alipe karo ya wadogo zake. Mkristu akimwambia tu «tumikia bure», kijana huyo anaweza kujibu: «Nami nani atanitumikia?» Neno hilo ni la kweli. Ndiyo maana utumishi usiachwe juu ya moyo wa mtu mmoja mmoja. Upangwe na Baro, na wakubwa wa ofisi wawape vijana wao wakati na nauli. Mpango huo unawalinda pia kwa neno lingine, kwani desturi ya kazi yao inawakataza kuzunguka wakitafuta wateja.

Pengine wengine wanafikiri kwamba utumishi huo ni kazi ndogo, ya kujifunzia mikono. Tuwakumbushe Kilwa. Mwezi wa Oktoba 2004 waasi wachache waliingia katika mji ule, ukingoni mwa ziwa Moero. Jeshi lilipoukomboa, watu zaidi ya 70 walikufa, kadiri ya uchunguzi wa Umoja wa Mataifa. Magari ya kampuni ya madini Anvil Mining yalibeba askari. Kampuni ilisema yalichukuliwa kwa amri ya Serikali. Tarehe 28 Juni 2007 tribunali ya kijeshi ya Katanga iliwaondolea washtakiwa hatia ya mambo ya Kilwa. Watu wengi wangalifunga dosie siku ile. Shirika la ACIDH, la hapa Lubumbashi, halikuifunga. Pamoja na RAID ya Uingereza na IHRDA ya Gambia, shauri lilipelekwa mwaka wa 2010 mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu. Mwaka wa 2017 Tume ilitangaza kwamba Serikali ilivunja haki za watu wale, na kwamba inapaswa kuwalipa wanane kati yao dola milioni 2.5. Miaka 13 ilikuwa imepita tangu watu kuzikwa. Shauri la namna hiyo halisimami bila mtu wa kukaa na mashahidi, kuandika majina ya wafu mmoja mmoja, na kuhifadhi karatasi wakati hakuna anayezitaka. Ndiyo kazi ile ile anayojifunza kijana anapomwandikia mjane barua yake ya kwanza.

Basi tunaomba mambo matatu.

Kwenu vijana wa sheria: mtupe Jumamosi moja kila mwezi. Parokia ina chumba, meza na mabenchi mawili. Sisi walimu wa dini tutakaa kando yenu kugeuza maneno, maana Kiswahili cha bibi wa Katuba na Kifaransa cha tribunali havijapata bado kusalimiana. Mje kwa ruhusa ya Baro, na mtu asiombwe kitu.

Kwenu wakristu: mje mapema, kabla shauri halijaoza. Mwambieni avoka ukweli wote, hata ule unaowaaibisha. Wala msimwombe abebe bahasha kwa mwamuzi. Monsenyeri Eugène Kabanga, aliyekuwa askofu mkuu wetu tangu 1967 mpaka 1998, aliandika mwaka wa 1976 barua yenye jina «Mimi ni mtu», akilaumu rushwa iliyokuwa inakula nchi. Anayemtuma kijana na bahasha anamwua katika kazi yake siku anapozaliwa.

Kwenu wakubwa wa Baro: mkumbuke kwamba kijana anajifunza kwa kuangalia mikono yenu kuliko kwa kusikia maneno yenu.

Maavoka wana msimamizi wao mbinguni, Mtakatifu Yvo, aliyezaliwa Bretagne katika Ufaransa mwaka wa 1253. Alisoma sheria Paris na Orléans, akawa mwamuzi wa Kanisa, akawatetea maskini bila kuwadai. Alikufa tarehe 19 Mei 1303, na sikukuu yake ni siku ile. Tunapendekeza Jumamosi ya kwanza ya kazi yetu iwe karibu na tarehe hiyo.

Baba zetu walioijenga parokia hii walibeba matofali kichwani, kila mmoja kadiri ya nguvu zake. Wengine hawakuliona paa. Ninyi mliosoma, tofali lenu ni elimu yenu. Mlilete. Mama yuko mlangoni na karatasi yake mkononi.