Mboga za Jirani Ziingie Jikoni mwa Shule

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanachama mbele ya mkutano mkuu wa wanafunzi wa zamani)



Mimi ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa ununuzi. Nimeombwa nizungumze juu ya chakula cha shule, nami nina jambo moja tu la kusema. Vijana wetu hawakosi mboga kwa sababu mboga hazipo. Wanazikosa kwa sababu ya jinsi shule zinavyonunua.

Sisi tuliosoma hapa miaka ya 1990 twaikumbuka ratiba ya bwalo. Ilikuwa ugali na maharage, na siku ya kubadilisha mlo tulipewa makande, yaani mahindi yale yale na maharage yale yale. (Kicheko.) Nimeuliza jikoni leo asubuhi, na tofauti si kubwa. Hali hiyo ingeeleweka kama tungekuwa nyikani. Lakini sisi tuko Usambara! Malori yaliyosheheni kabichi, karoti, nyanya na hoho huteremka kutoka Lushoto kwenda Dar es Salaam, nayo hupita mbele ya lango letu. Mtoto wa mkulima yumo bwaloni anakula maharage matupu, na karoti za baba yake zinampita barabarani.

Ndugu zangu, sisemi kwamba maharage ni chakula kibaya. Yana protini na madini ya chuma, na chuma ndiyo huujenga wekundu wa damu. Lakini mwili hupokea sehemu ndogo tu ya chuma ya maharage, isipokuwa yaliwe pamoja na vitu vyenye vitamini C, kama hoho, nyanya au machungwa. Karoti, mchicha na matembele nazo huupa mwili vitamini A, hasa zikiungwa kwa mafuta kidogo. Kijana aliyepungukiwa damu huchoka upesi na husinzia darasani, na mara nyingi mwalimu humwita mvivu.

Sasa, kwa nini shule hununua maharage badala ya mboga? Ni kwa sababu maharage husubiri. Fedha za chakula huja kwa vipindi, na pengine huchelewa. Gunia la maharage laweza kukaa ghalani miezi kadhaa, bali mchicha wa leo kesho kutwa ni takataka. Tena mkulima mdogo hawezi kuikopesha shule, maana anangojewa na ada, mbolea na mgonjwa nyumbani. Mzabuni mwenye mtaji ndiye awezaye kungoja malipo, naye kwa akili zake huleta kile kisichooza. Tangu mwaka 2023 ununuzi wa umma hupitia mfumo wa kielektroniki uitwao NeST. Mfumo huo nauunga mkono kwa sababu ya uwazi wake, lakini mkulima wa robo eka asiye na namba ya mlipa kodi hawezi kuuingia peke yake.

Wako watakaosema kwamba shule ilime yenyewe, kama alivyotuagiza Mwalimu Nyerere mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Bustani ya shule naitaka, maana hufundisha kazi. Lakini tupige hesabu. Shule ya wanafunzi 400, kila mmoja akipata gramu 100 tu za mboga kwa siku, huhitaji kilo 40 kila siku. Shirika la Afya Duniani linashauri gramu 400 za mboga na matunda kwa siku kwa mtu wa miaka 10 na zaidi, kwa hiyo hiyo ni robo tu. Bustani yetu haiwezi kutoa kilo 40 kila siku, na wakati wa likizo haina wa kuimwagilia. Majirani zetu wa mabondeni wanaweza.

Wenzetu wa Brazili walilitazama jambo hili kwa upande wa ununuzi. Sheria yao ya mwaka 2009 iliagiza kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za chakula cha shule zitokazo serikali kuu zinunue mazao ya wakulima wadogo, na ikaruhusu kununua kwao moja kwa moja bila zabuni ya kawaida. Sisi hatuna uwezo wa kutunga sheria katika mkutano huu, lakini yako mambo manne tunayoweza kuyafanya.

Kwanza, tuwasaidie wakulima wa jirani wawe kikundi kilichosajiliwa, chenye akaunti ya benki na namba ya mlipa kodi. Pili, shule na kikundi wakae pamoja kabla ya kila muhula, wakubaliane ratiba ya mazao kwa kufuata masika, vuli na kiangazi, na bei iandikwe mapema ili mlanguzi asiwe mwamuzi. Tatu, chama chetu kianzishe mfuko wa mzunguko. Mfuko umlipe mkulima kila Ijumaa kwa mzigo uliopimwa na kupokelewa kwa sahihi mbili, kisha shule iurudishie fedha zake zikifika. Nne, Bwana Shamba ahakikishe kwamba siku za kungoja baada ya kupuliza dawa zimetimia kabla mboga haijavunwa. Tusije tukaondoa ugonjwa mmoja tukaleta mwingine.

Hatari ipo, nami siifichi. Fedha za shule zikichelewa sana, mfuko utakauka. Ndiyo maana napendekeza tuanze na siku 3 kwa wiki, kwa muhula mmoja, na hesabu zisomwe mbele ya wanachama wote kabla ya kuendelea.

Ndugu Mwenyekiti, katika ajenda ya leo liko pendekezo la kutumia akiba yetu kununua meza mpya za bwalo. Meza za zamani zimechakaa, ni kweli, lakini bado zinasimama. Naomba akiba hiyo iwe mtaji wa mfuko huu kwanza, na meza zingoje mwaka ujao.

Naomba kutoa hoja.