Presha ya Mzee na Akili Yake

Msikilizaji, mzee akianza kupotewa na maneno, nyumbani tuna majibu mawili tayari: ni uzee, au kuna mkono wa mtu. Presha yake ni ngapi? Hapo kila mtu anamtazama mwenzake.

Watafiti waliozunguka vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, mwaka 2010, walikuta karibu saba kati ya kila wazee kumi wenye miaka 70 na zaidi wana presha ya juu. Wengi wao hawakuwa na habari.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni. Ndani kabisa unalishwa na vimishipa vyembamba mno. Presha ikikaa juu kwa miaka, kuta za vimishipa hivyo zinakakamaa, njia inafinyika, na vipande vidogo vya ubongo vinakufa. Mdomo haupindi, mkono haupoozi. Ni viharusi visivyopiga hodi.

Na mara nyingi dalili ya kwanza si kusahau. Mzee anakusimulia harusi yake ya mwaka 1970 bila kuruka kitu, ila kupanga mambo kunamshinda. Mwenye duka aliyekuwa akipiga hesabu kichwani sasa chenji inamchukua dakika nzima. Bibi anasimama mbele ya sufuria ya pilau, hajui aanze na nini. Nasi tunacheka!

Huko Marekani, utafiti wa SPRINT MIND uliotolewa mwaka 2019 ulifuatilia watu zaidi ya 9,000 wenye presha. Walioshushwa presha, ile namba ya juu, hadi chini ya 120, badala ya chini ya 140, walipungukiwa na hatari ya kumbukumbu na fikra kuanza kufifia kwa asilimia 19 hivi. Kwa dimenshia, yaani ugonjwa wenyewe wa kupotewa na akili, tofauti haikutosha kuwa ushahidi. Wala si kila mzee ashushwe hivyo, wengine watapata kizunguzungu waanguke. Hilo ni la daktari.

Linalonikera ni dawa kumezwa siku kichwa kinapouma tu, kisha pakiti inarudi kabatini. Presha kwa kawaida haiumi.

Na mishipa inaweza kuanza kuharibika mapema, hata kwenye umri wa miaka arobaini au hamsini. Kwa hiyo wewe unayempeleka baba kliniki wiki hii, akishapimwa usikimbilie kuwasha gari. Kunja mkono wa shati, upimwe na wewe.